James Watt, Fundi Aliyetawala Mwendo wa Mitambo

Je, umepata kusimama karibu na mashine ya kusagia nafaka inayoendeshwa kwa injini ya dizeli? Ikiwa bado, nenda siku moja, usimame kando, usikilize. Kabla mahindi hayajamiminwa, injini hunguruma kwa sauti nyepesi, kwa kuwa inazunguka bure. Mahindi yanapoingia, sauti hubadilika. Injini huguna kama mtu aliyetwishwa gunia begani, na mwendo wake hupungua kidogo. Mara hukaza nguvu, ikaendelea na kazi kwa mwendo ule ule karibu na wa kwanza. Mahindi yanapokwisha, injini hutaka kukimbia, lakini baada ya kitambo kidogo hutulia yenyewe.

Sasa jiulize: ni nani aliyeiambia injini kwamba mahindi yameingia? Msagaji hakuigusa. Ni nani aliyeiambia kwamba yamekwisha? Ndani ya injini hiyo mna kifaa kidogo kiitwacho gavana. Kazi yake ni kuangalia mwendo wa injini na kuipimia mafuta: kuiongezea inapozidiwa na mzigo, na kuipunguzia mzigo unapoondoka. Mtu aliyekitia kifaa cha namna hiyo katika injini za mvuke, kikaenea ulimwenguni, ni James Watt. Katika somo hili utasoma habari za maisha yake. Pia utajifunza kwa nini mwendo wa mtambo hubadilika unapokuwa na kazi na unapokuwa hauna kazi.

Utoto wake

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari, 1736, katika mji wa bandari uitwao Greenock, nchini Uskoti. Baba yake, ambaye naye aliitwa James, alikuwa fundi na mfanyabiashara wa vyombo vya baharini. Biashara ya bandari hiyo ilihusu pia sukari na tumbaku, mazao yaliyolimwa ng'ambo kwa jasho la watumwa wa Kiafrika, na jamaa ya Watt nayo ilipata sehemu ya riziki yake katika biashara hiyo. Hilo ni jambo la kuhuzunisha, lakini ni la kweli, na mwanafunzi wa sayansi hana budi kuijua kweli yote.

James alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa. Mara nyingi alishikwa na maumivu ya kichwa, na kwa hiyo mama yake, Agnes, alimfundisha kusoma nyumbani kabla hajaweza kwenda shule kama watoto wengine. Alipokuwa shuleni alionyesha akili katika hesabu. Lakini mahali alipopapenda zaidi ni karakana ya baba yake. Humo alipewa vyombo vidogo vya kazi, akajifunza kutengeneza mifano ya mashine kwa mikono yake mwenyewe.

Huenda umesikia hadithi kwamba Watt aligundua nguvu ya mvuke alipokuwa mtoto, kwa kutazama kifuniko cha birika kikirushwa na maji yanayochemka. Hadithi hiyo inapendeza, lakini usiitegemee. Injini za mvuke zilikuwapo kabla yeye hajazaliwa. Utaona baadaye kwamba jambo lililomfikisha kwenye ugunduzi wake lilikuwa mashine mbovu iliyohitaji kutengenezwa.

Fundi katika Chuo Kikuu

Mwaka 1755, Watt akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda London kujifunza ufundi wa vyombo vya kupimia, kama vile mizani, dira na rula za hesabu. Kwa desturi ya siku zile, mwanafunzi wa ufundi alitakiwa kumtumikia bwana wake kwa miaka 7. Watt hakuwa na fedha za kukaa muda huo wote. Alijifunza kwa bidii mwaka 1 tu, afya yake ikadhoofika, akarudi Uskoti.

Alitaka kufungua karakana katika mji wa Glasgow, lakini chama cha mafundi wa mji kilimkatalia, kwa sababu hakutimiza ile miaka 7. Bahati njema, Chuo Kikuu cha Glasgow kilihitaji fundi wa kutengeneza vyombo vyake. Mwaka 1757 kilimpa chumba ndani ya chuo, mahali ambapo amri ya chama haikufika. Hapo Watt alifanya urafiki na wataalamu wa sayansi. Mmoja wao alikuwa Joseph Black, aliyechunguza jinsi maji yanavyomeza joto jingi yanapogeuka kuwa mvuke.

Mvuke unaopotea

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763, Watt aliletewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ili autengeneze. Injini ya aina hiyo ilibuniwa na Thomas Newcomen, na injini kubwa za namna yake zilitumika tangu mwaka 1712 kuvuta maji kutoka katika mashimo ya machimbo.

Tuitazame jinsi ilivyofanya kazi. Mvuke uliingia katika silinda, chini ya pistoni. Kisha maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda hiyo. Mvuke ulipoa ukageuka kuwa maji, na mahali pake pakabaki patupu. Hapo hewa ya nje iliisukuma pistoni kwenda chini, na pistoni ikavuta pampu.

Watt aliutengeneza mfano ule, lakini aliona jambo la ajabu. Pistoni ilikwenda mara chache tu, kisha mvuke wote ulikwisha. Mvuke ulikwenda wapi? Watt hakuridhika kukisia. Alipima maji, akapima mvuke, akapima joto. Akaona kwamba kila mara silinda ilipozwa kwa maji, kisha ikabidi ipashwe joto upya. Sehemu kubwa ya mvuke ilitumika kuipasha silinda tu, wala haikufanya kazi. Ni kama mpishi anayemwagia jiko lake maji kila apikapo chapati moja, kisha akaanza kukoka moto tena.

Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu. Mwezi Mei, mwaka 1765, akiwa matembezini katika uwanja wa majani wa mji wa Glasgow, alipata jawabu. Silinda na ibaki ya moto daima, na mvuke upelekwe kupozwa katika chombo kingine kilicho kando. Jawabu hilo ni rahisi kulieleza, lakini kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyekuwa amelifikiri.

Miaka ya taabu

Usidhani kwamba tangu siku ile Watt aliishi kwa raha. Kutoka wazo lile mpaka injini kubwa ya kufanya kazi ilipita miaka 11. Mwaka 1769 alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mtu kuumiliki uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Lakini hataza haimlishi mtu. Mafundi wa siku zile hawakuweza kuchonga silinda kubwa iliyo mviringo sawasawa, na mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Ili kupata chakula cha jamaa yake, Watt alifanya kazi ya kupima njia za mifereji ya maji. Mwaka 1773, alipokuwa mbali kaskazini mwa Uskoti katika kazi hiyo, mke wake Margaret alifariki dunia katika uzazi. Mwaka huo huo mfadhili wake, John Roebuck, alifilisika.

Mtu mwingine angekata tamaa. Watt alihamia Birmingham, nchini Uingereza, mwaka 1774, akashirikiana na mwenye kiwanda aliyeitwa Matthew Boulton. Wakati huo huo John Wilkinson, fundi wa chuma, alikuwa amevumbua mashine ya kutoboa mizinga kwa usahihi mkubwa. Mashine hiyo iliweza kuchonga silinda kama Watt alivyotaka. Mwaka 1776 injini za kwanza za Boulton na Watt zilianza kazi. Wenye machimbo hawakulipa bei ya injini tu. Kila mwaka waliwalipa wabia hao theluthi ya fedha walizookoa kwa kupunguza matumizi ya makaa ya mawe.

Mtambo na mzigo wake

Injini za kwanza zilivuta pampu tu, kwenda juu na chini. Kuanzia mwaka 1781 Watt alibuni njia za kuifanya injini izungushe gurudumu. Sasa injini iliweza kusaga unga, kusokota nyuzi na kuendesha mashine za viwandani. Baadhi zilipelekwa baadaye hata visiwa vya Karibi, zikakamua miwa katika mashamba yaliyolimwa na watumwa.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipotokea. Pampu ya machimboni ina mzigo ule ule mchana kutwa. Kiwanda sivyo. Asubuhi mashine 20 zinafanya kazi. Mara 10 zinasimamishwa. Mzigo umepungua, lakini mvuke unaoingia katika injini ni ule ule. Je, nguvu iliyozidi itakwenda wapi? Itaongeza mwendo wa gurudumu. Nyuzi zitakatika, mawe ya kusagia yataunguza unga, na gurudumu lizungukalo kupita kiasi laweza hata kupasuka na kuua watu. Kisha zile mashine 10 zinafunguliwa tena: mzigo unazidi, injini inachoka na kukaribia kusimama.

Kumbuka kanuni hii: mwendo wa mtambo hutulia pale tu nguvu inayoingia inapolingana na kazi inayotakiwa. Nguvu ikizidi, mwendo huongezeka. Kazi ikizidi, mwendo hupungua.

Mtu aliweza kuwekwa karibu na injini, mkono wake ukiwa juu ya vali ya mvuke, afungue na kufunga kutwa nzima. Lakini mtu husinzia, hugeuka kusema na mwenzake, na mkono wake huchelewa.

Matufe mawili ya chuma

Mwaka 1788 Boulton alitembelea kinu kikubwa cha unga kilichoitwa Albion, mjini London. Humo aliona kifaa chenye vitu vizito vinavyozunguka, ambacho kilitumika kurekebisha mawe ya kusagia kulingana na mwendo wake. Alimweleza Watt habari hiyo. Watt hakudai kwamba wazo la kifaa lilikuwa lake, wala hakulichukulia hataza, maana watu wa vinu walikuwa nalo kabla yake. Alichofanya ni kukiunganisha kifaa hicho na vali ya mvuke.

Fikiri mhimili mwembamba uliosimama wima, unaozungushwa na injini yenyewe. Juu yake pana mikono miwili inayoning'inia, na kila mkono una tufe la chuma mwishoni. Injini ikienda polepole, matufe huning'inia karibu na mhimili. Injini ikienda kasi, matufe hutanuka na kupanda, kama gauni la msichana anayezunguka katika ngoma. Yanapopanda huvuta pete, pete huvuta wenzo, na wenzo huifunga vali kidogo. Mvuke hupungua, na injini hupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, matufe hushuka, vali hufunguka, na mvuke huongezeka. Hivyo injini hujiangalia yenyewe.

Injini moja ya mwaka 1788 yenye kifaa hicho iliendesha mashine 43 za kung'arisha vyuma katika kiwanda cha Boulton. Nayo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Lakini tazama kwa makini zaidi. Je, gavana wa Watt huufanya mwendo uwe sawa kabisa? La. Mzigo ukiwa mzito, vali hailazimiki kufunguka tu, bali lazima ibaki wazi. Ili ibaki wazi, matufe lazima yabaki chini. Na matufe hayawezi kubaki chini ila mwendo uwe mdogo kidogo kuliko kwanza. Kwa hiyo injini yenye mzigo huenda polepole kidogo, na injini isiyo na mzigo huenda kasi kidogo. Tofauti haiondoki kabisa, ila huwa ndogo isiweze kuleta madhara. Hiyo ndiyo sababu ya mabadiliko uliyoyasikia kwenye mashine ya kusaga.

Fanya jaribio hili

Tafuta uzi imara wa urefu wa mita 1, kifutio cha mpira, jiwe dogo lililo zito kuliko kifutio, na kalamu ya wino iliyokwisha. Toa mrija wa wino ili kalamu iwe bomba tupu. Pitisha uzi ndani ya bomba. Funga kifutio kwa nguvu kwenye ncha ya juu ya uzi, na jiwe kwenye ncha ya chini. Toka nje, simama mbali na wenzako. Shika bomba wima, uzungushe kifutio juu ya kichwa chako. Kwanza zungusha polepole, kisha kasi. Jiwe linafanya nini unapoongeza mwendo? Linafanya nini unapopunguza? Sasa fikiri kwamba jiwe limefungwa kwenye vali ya mvuke. Umeshatengeneza gavana.

Wati na kompyuta

Watt alihitaji kuwaeleza wanunuzi uwezo wa injini zake. Wengi wao walitumia farasi, kwa hiyo alikadiria kazi ya farasi mmoja. Nguvu ya farasi mmoja, kwa kipimo chake, inatosha kuinua takriban kilo 76 kwenda juu mita 1 katika kila sekunde. Mwaka 1882, miaka mingi baada ya kifo chake, wataalamu wa Uingereza walilitumia jina lake kwa kipimo kipya, wati. Nguvu ya farasi mmoja ni karibu wati 746. Soma maandishi yaliyo juu ya balbu ya umeme, utaliona jina lake.

Jina hilo hutumika pia kupimia kompyuta. Ndani ya kompyuta na simu mna kijipande kidogo kiitwacho prosesa, ambacho hufanya hesabu zote. Prosesa hufuata mapigo ya umeme, kama wapiga makasia wanavyofuata ngoma. Prosesa za leo huweza kupata mapigo zaidi ya bilioni 1 kwa sekunde. Kila pigo hutumia umeme kidogo, na umeme huo huishia kuwa joto. Mapigo mengi yanahitaji pia umeme wenye msukumo mkubwa zaidi, yaani volti nyingi. Na volti zikizidishwa mara 2, umeme unaotumika kwa kila pigo huzidi mara 4.

Basi, unaposoma ukurasa mmoja kwenye kompyuta, prosesa haina kazi kubwa. Kukimbia bure ni kupoteza umeme na kujichosha kwa joto. Kwa hiyo programu huipunguzia mapigo na volti, na sehemu nyingine za prosesa hulazwa kabisa. Ukianza kuonyesha filamu au kupiga hesabu kubwa, programu huuona mzigo na kuongeza mapigo mara moja. Joto likizidi mno, huyapunguza tena ili prosesa isiungue. Katika mfumo wa Linux, sehemu ya programu ichaguayo mwendo huo huitwa kwa jina lile lile: gavana.

Je, umeona tofauti? Injini ya Watt ilitakiwa kushika mwendo mmoja, kwa sababu mawe na nyuzi huharibika mwendo ukibadilika. Prosesa hutakiwa kubadili mwendo, kwa sababu haja yake ni kumaliza kazi bila kupoteza nguvu. Lakini njia ni moja: pima, linganisha, rekebisha, kisha pima tena. Na haja ya kutopoteza nguvu ni ile ile iliyomsumbua Watt alipoutazama mfano wa injini ukimaliza mvuke wake.

Mwisho wa maisha yake

Watt alistaafu mwaka 1800, muda wa hataza yake ulipokwisha. Alikuwa amezika watoto wake kadhaa, akiwamo Gregory, kijana aliyempenda sana, aliyefariki mwaka 1804. Hata hivyo hakuacha kazi. Katika chumba cha juu cha nyumba yake karibu na Birmingham aliweka karakana, akaendelea kubuni mashine za kunakili sanamu. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1819, akiwa na umri wa miaka 83.

Watt hakuwa mtu wa kwanza kutengeneza injini ya mvuke, wala hakuwa wa kwanza kuzungusha matufe. Sifa yake ni kwamba alipoona kitu kinapotea, alikaa akapima mpaka akajua kinapotelea wapi. Nawe fanya hivyo. Siku utakapopita tena karibu na mashine ya kusaga, simama usikilize sauti yake, na useme ni wakati gani mahindi yalipoingia.

Maswali

1. Kwa nini Watt alikatazwa kufungua karakana mjini Glasgow? Ni nani waliomsaidia?
2. Katika injini ya Newcomen, mvuke ulipotea kwa njia gani? Watt aliizuiaje hasara hiyo?
3. Eleza kinachotokea kwa mwendo wa injini mzigo unapoondolewa ghafula, ikiwa injini haina gavana.
4. Kwa nini injini yenye gavana wa Watt huenda polepole kidogo inapokuwa na mzigo mzito?
5. Taja sababu 2 za kuipunguzia prosesa mwendo wakati haina kazi kubwa.
6. Mtu wa kilo 38 anapanda ngazi. Katika kila sekunde anapanda nusu mita kwenda juu. Je, uwezo wake ni sehemu gani ya nguvu ya farasi mmoja?